Nani Amshauri Mwanafunzi wa Udaktari?

Katika nchi yetu kuna kosa moja ambalo hutendwa kwa nia njema, na kwa sababu hiyo halikemewi. Kosa hilo ni kudhani kwamba kijana akiisha kuingia katika chuo cha udaktari amekwisha kuchagua kazi, na kwamba tangu siku hiyo hana haja ya mtu wa kumwuliza aendako. Mwanafunzi wa masomo mengine huulizwa kila siku, "Utafanya nini na shahada hiyo?" Mwanafunzi wa udaktari haulizwi neno. Mzazi amestarehe, mwalimu amejisifu, kijiji kimepata daktari wake. Mimi nasema kwamba huyu asiyeulizwa ndiye anayehitaji kuulizwa kuliko wenzake wote. Na kwamba chuo cha udaktari kisicho na mshauri wa kazi, mtu aliyeajiriwa kwa jambo hilo peke yake, kinafanya nusu tu ya kazi yake.

Tazama jinsi kijana huyo anavyofika huko. Matokeo ya mtihani wa KCSE yakitangazwa, waandishi wa magazeti hukimbilia nyumbani kwa waliopata alama ya A. Mama hupiga vigelegele, baba hupigwa picha, na mtahiniwa huulizwa swali lile lile la kila mwaka: "Wataka kuwa nani?" Jibu lajulikana kabla halijatoka kinywani. Miezi michache baadaye jina lake huonekana katika orodha ya KUCCPS, lile shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, na shughuli imekwisha. Hakuna aliyemwuliza kama aweza kustahimili harufu ya kidonda kilichooza, au kukaa na wazazi na kuwaambia kwamba mtoto wao amefariki, au kurudia kazi ile ile usiku wa tatu bila usingizi. Alama zake zilijibu kwa niaba yake. Lakini alama za Kemia na Biolojia zaonyesha tu kwamba mtu aweza kujifunza udaktari. Hazionyeshi hata kidogo ni udaktari wa namna gani utakaomfaa, wala yeye atawafaa wagonjwa gani. Nasema haya nami ni mwalimu, na naijua furaha ya kuliona jina la shule gazetini. Furaha hiyo ni halali. Ila haiwezi kuhesabiwa kuwa ushauri.

Neno lenyewe "udaktari" latudanganya. Twalitumia kama jina la nyumba moja, kumbe ni jina la mtaa mzima. Katika mtaa huo yumo mpasuaji, ambaye mikono yake ndiyo riziki yake, na ambaye aweza kusimama saa nane mbele ya meza moja. Yumo daktari wa watoto, ambaye mgonjwa wake hawezi kusema wapi panauma. Yumo daktari wa magonjwa ya akili, ambaye hana kisu wala bandeji, na chombo chake kikubwa ni sikio. Yumo mtoaji wa dawa ya usingizi, ambaye mgonjwa humsahau mara anapoamka, ijapokuwa ndiye aliyemlinda kati ya uhai na mauti. Yumo msomaji wa picha za eksirei, anayefanya kazi katika chumba chenye giza; yumo mwanapatholojia, anayetafuta siri ya ugonjwa katika kipande cha nyama kilichowekwa chini ya darubini; yumo daktari wa afya ya jamii, ambaye mgonjwa wake ni tarafa nzima, na dawa yake yaweza kuwa kisima. Watu hawa wote wameanza darasa moja. Lakini mtu atakayefurahi katika nyumba moja ya mtaa huo aweza kuteseka maisha yake yote katika nyumba ya jirani.

Na njia yenyewe ni ndefu. Masomo ya shahada huchukua miaka 6 katika vyuo vyetu. Baada yake hufuata miezi 12 ya uanagenzi hospitalini, ambapo daktari kijana huzungushwa katika idara kuu, magonjwa ya watu wazima, upasuaji, watoto na uzazi, kabla ya kupewa na Baraza la Madaktari ruhusa kamili ya kutibu. Akitaka kuwa daktari bingwa, atasoma tena miaka 3 hata 5. Hesabu, msomaji: aliyeingia akiwa na umri wa miaka 19 aweza kufika mwisho akiwa na zaidi ya 30, na wakati huo wote atakutana na njia panda si chini ya tano. Twampa mshauri kwenye njia panda ya kwanza, akiwa bado shuleni, ambapo swali ni jepesi. Kwenye zile nne zilizobaki, zilizo ngumu, twamwacha peke yake.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinijia siku moja katika chumba cha walimu. Alikuwa katika mwaka wa nne wa udaktari, katika chuo ambacho sitakitaja. Tulipokwisha kujuliana hali, alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwalimu, nimeipenda kazi ya maabara, ile ya kutafuta chanzo cha ugonjwa. Lakini nyumbani wanasema daktari asiyegusa mgonjwa si daktari. Baba aliuza shamba la chini kwa ajili ya karo yangu."

"Na chuoni wanasemaje?"

"Nilimwuliza mhadhiri mmoja, mpasuaji. Alicheka, akaniambia nimalize masomo kwanza."

"Je, hakuna mtu huko ambaye kazi yake ni kujibu maswali kama hayo?"

"Yupo karani, Mwalimu. Anajibu maswali ya karo na ya vyumba vya kulala."

Fikiri jambo hilo. Kijana aliyezungukwa na maprofesa wa tiba alisafiri nusu siku kwa matatu ili aje kumwuliza mwalimu wa Kiswahili kama patholojia ni kazi ya heshima. Nilimwambia nilichokijua, nacho kilikuwa kidogo. Yule ambaye angeweza kumwambia yote, kwa utulivu na kwa ujuzi, hakuwapo. Si kwa kuwa amekufa au amestaafu, bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kumwajiri.

Najua majibu ambayo jambo hili hujibiwa, maana nimeyasikia katika mikutano ya wazazi na nje ya mikutano. La kwanza hutolewa kwa methali, na methali hupendwa na watu wasiotaka kubishana. Husema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Kwa fikira zao, kijana aliyekwisha kuingia katika udaktari hana haki ya kutazama huku na huku. Methali hii ni nzuri kwa mvivu anayeogopa baridi. Lakini ni nani amwambiaye hivyo mtu aliyeona mamba? Na hata pasipo mamba, mto una vivuko vingi. Aliyevua nguo hakosi haki ya kuuliza wapi maji ni ya kiunoni na wapi ni ya shingoni. Mshauri hamtoi mtu majini. Humwonyesha kivuko.

Wenye hoja hii huweza kunitajia Ronald Ross, nami sitamficha. Alizaliwa Bara Hindi mwaka 1857, na katika ujana wake alipenda mashairi, muziki na uchoraji. Baba yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, ndiye aliyemsukuma katika chuo cha udaktari mjini London. Alisoma bila ari. Hata hivyo mwaka 1897, huko Secunderabad, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Basi waseme, "Unaona? Alilazimishwa, akafaulu." Naam, alifaulu, lakini alifaulu katika nini? Hakupata sifa hiyo kwa kuandika dawa za wagonjwa waliopanga foleni mlangoni. Aliipata alipoingia katika utafiti, kazi ya darubini na subira, iliyochelewa kumfikia. Ross aliangukia nyumba yake katika mtaa ule kwa bahati, baada ya miaka mingi ya kutangatanga. Hatuwezi kuifanya bahati ya mtu mmoja kuwa utaratibu wa taifa. Na wale waliosukumwa kama yeye, wasikutane na mbu wao, nani aliandika habari zao?

Jibu la pili ni la wazee, nalo lastahili heshima zaidi. Wasema, "Sisi hatukuwa na mshauri, na mbona tulitibu?" Ni kweli kwamba walitibu, na wengine walitibu kwa taa ya kandili. Lakini wazee wetu hawakuhitaji mshauri kwa sababu hawakuwa na la kuchagua. Masomo ya udaktari yalipoanzishwa Makerere mwaka 1924, Mwafrika wa Kenya aliyetaka kusomea kazi hiyo katika Afrika Mashariki alikuwa na mlango huo mmoja, na alipotoka hakuhesabiwa kuwa sawa na daktari wa Kizungu kwa cheo wala kwa mshahara. Chuo cha Nairobi kilifungua kitivo cha udaktari mwaka 1967, na kwa miaka mingi baada ya hapo serikali ilimshika mhitimu mkono na kumpeleka ilikotaka: leo Kakamega, kesho Garissa. Njia ilikuwa moja, na mwenye njia moja hahitaji ramani.

Hali hiyo haipo tena. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko chini ya serikali za kaunti, na kila kaunti huajiri kwa fungu lake na kwa mapenzi yake. Vyuo vya udaktari vimeongezeka, vya serikali na vya watu binafsi. Hospitali za misheni, mashirika ya utafiti na nchi za ng'ambo zote zinamwita mhitimu, au zinamfungia mlango, kila moja kwa masharti yake. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mwaka 2024 waligoma tena siku 56, na moja katika mambo yaliyogombaniwa lilikuwa kupelekwa hospitalini na malipo ya madaktari wanagenzi, yaani watu wale wale tunaowazungumza hapa, waliokwisha kufaulu mitihani yote wakakaa nyumbani wakingoja barua. Wapo na madaktari waliomaliza uanagenzi wakakosa ajira, hali hospitali za vijijini hazina daktari. Sisemi mshauri angemaliza mgogoro huo; mgogoro wa fedha humalizwa kwa fedha na kwa kutimiza ahadi. Nasema kijana aliyeambiwa mapema kwamba dunia ndiyo hiyo, akaonyeshwa milango yake yote, hatavunjika moyo kama yule aliyeahidiwa kwamba koti jeupe ni hati ya shamba.

Jibu la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa lina nusu ya ukweli. Lasema kwamba washauri wapo: maprofesa. Nani aujuaye udaktari kuliko daktari? Hapana shaka, profesa aijua idara yake. Lakini mpende profesa kiasi gani, utaona kwamba mpasuaji mwema huona mpasuaji katika kila kijana mwenye vidole vyepesi, na daktari wa watoto huona daktari wa watoto katika kila kijana mwenye tabasamu. Si hila. Mvuvi akiulizwa habari za dunia atazungumza juu ya bahari. Na liko jambo kubwa zaidi: profesa huyo ndiye atakayemtahini kijana mwishoni mwa mwaka. Ni mwanafunzi gani mwenye akili atakayemwendea mtahini wake aseme, "Bwana, naogopa damu," au, "Mama, nadhani sikuumbwa kwa ajili ya wodi yako"? Atasema yu mzima, atatoka, na siri yake atakwenda nayo chumbani, ambako hukua usiku.

Wamarekani wameliona jambo hili wakaliandikia kanuni. Huko, tangu mwaka 1952, wanafunzi wanaomaliza udaktari hupangiwa hospitali za mafunzo kwa mpango mmoja wa taifa, ambao hulinganisha chaguo la mwanafunzi na chaguo la hospitali. Kwa hiyo ni lazima kila mmoja ajue anachagua nini. Kanuni zinazotumika kuthibitisha vyuo vya udaktari nchini humo zinavitaka vyuo viwe na mpango wa kuwashauri wanafunzi juu ya kazi zao. Na kuhusu ushauri wa masomo, zinataka mwanafunzi aweze kuupata kwa mtu asiyekuwa na sehemu katika kumtahini wala kumpandisha darasa. Sina desturi ya kuiga kila kitu kitokacho Marekani, na mambo yao mengine katika tiba hayatufai hata kidogo. Lakini kanuni hiyo ya pili ingefaa kubandikwa katika kila kitivo cha udaktari cha Afrika Mashariki.

Wahenga wetu walisema mganga hajigangi, na sayansi imekuja kuwaunga mkono. Mwaka 2016 jarida la JAMA la madaktari wa Marekani lilichapisha mkusanyo wa uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa udaktari katika nchi 43. Ilionekana kwamba kiasi cha 27 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaomnyima mtu nguvu na matumaini. Na miongoni mwa waliokuwa na dalili hizo, waliotafuta tiba walikuwa kiasi cha 16 tu kwa 100. Hawa ni watu wanaosomea kutambua maradhi! Mshauri wa kazi si daktari wa akili, wala asijitie kuwa ndiye. Lakini kijana aonaye haya kuingia katika mlango ulioandikwa "Magonjwa ya Akili" haoni haya kuingia katika mlango ulioandikwa "Ushauri wa Kazi." Ataingia akisema amekuja kuuliza habari za masomo ya ubingwa. Mshauri aliyefundishwa vema atasikia lile lisilosemwa, na atajua wapi pa kumpeleka, na siku hiyo hiyo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaoipinga hawajapata kuifikiria. Mshauri huyo hukutana na mwanafunzi mara ya kwanza kabla hajaingia wodini, aghalabu katika mwaka wa tatu, na kumweleza atakayoyaona, ili yasimshtue kama mwizi. Humtaka aandike, kila anapomaliza idara moja, mambo machache: siku gani alisahau kutazama saa, siku gani aliitazama kila dakika, mgonjwa gani alimfuata katika mawazo hadi kitandani, na kwa sababu gani. Maandiko hayo hayatahiniwi. Baada ya miaka miwili yanakuwa kioo, na mwenye kujitazama humo huona uso ambao mitihani haikumwonyesha. Nimewahi kudhani kwamba maswali kama hayo ni mchezo. Lakini mimi mwenyewe katika chuo cha ualimu nilijua nitafundisha nini kwa kuona ni kipindi gani kilichokwisha upesi.

Zaidi ya hayo mshauri ana daftari la njia. Anajua ni kaunti zipi zinazotafuta daktari wa usingizi, na zipi zina nyumba ya mfanyakazi na zipi hazina. Anajua kwamba ubingwa wa upasuaji haupatikani kwa njia ya chuo kikuu peke yake, kwa kuwa kiko Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho huwafunza wapasuaji ndani ya hospitali wanamofanyia kazi. Anawajua madaktari waliokwisha kazi, walio tayari kumkaribisha kijana afuatane nao juma moja. Anamwambia binti anayependa upasuaji, na aliyeambiwa na shangazi zake kwamba kazi hiyo itamnyima ndoa, majina ya wanawake wapasuaji walio na watoto, na pia saa walalazo, maana ushauri unaoficha nusu ya habari ni udanganyifu. Na anapoketi na mzazi, husema yale ambayo mtoto hawezi kuyasema kwa heshima.

Iko na kazi moja ya mshauri ambayo itawaudhi wengi, nami sitaificha kwa kuogopa maudhi. Mara chache, lakini kwa hakika, atamwambia mwanafunzi kwamba anaweza kuondoka, au kwamba anaweza kumaliza kisha akatumia elimu yake kwa namna nyingine. Watu watapiga kelele kwamba fedha za umma zimepotea. Je, zimepotea? Dakta Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, akatumikia mayatima wenye virusi vya UKIMWI, naye ndiye aliyeandika riwaya ya *The River and the Source* mwaka 1994, ambayo maelfu ya wanafunzi wa Kenya waliisoma kwa mtihani. Dakta Yusuf Dawood, mpasuaji, aliandika magazetini kwa miaka mingi habari za wagonjwa na visu, na watu wasiopata kuingia chumba cha upasuaji wakapata kuingia kwa macho yake. Profesa Miriam Were alikuwa mwalimu kabla ya kuwa daktari. Alichagua afya ya jamii, elimu ya kumkinga mwanakijiji asifike hospitalini, na mwaka 2008 akapewa na serikali ya Japani Tuzo ya Hideyo Noguchi. Hakuna katika hao watatu aliyefuata ile picha ya daktari iliyo katika kichwa cha mzazi siku ya matokeo. Wao walijitafutia njia wenyewe, kwa akili kubwa na moyo mkubwa. Mimi nawatetea wale wenye akili ya kutosha na moyo wa kawaida, ambao ndio wengi.

Mtu atauliza fedha zitatoka wapi, hali wodi nyingine hazina hata glavu. Nami namwuliza: ujinga wetu umegharimu kiasi gani? Mwezi wa Juni mwaka 2018 serikali yetu iliwaleta madaktari 100 kutoka Kuba, kwa kuwa hospitali za kaunti zilikosa mabingwa. Madaktari wa Kenya walilalamika kwamba wenzao walikuwa nyumbani bila kazi. Serikali ikajibu kwamba walioletwa ni mabingwa wa matawi ambayo hatuna watu wa kutosha. Tuseme serikali ilisema kweli. Basi matawi hayo yalikosaje watu? Hayakukosa watu kwa usiku mmoja. Kwa muda wa miaka mingi madarasa ya vijana yalipita vyuoni mwetu, na hakuna mtu aliyeketi nao, mmoja mmoja, akawaambia, "Wenzako wote wanakimbilia tawi hili, katika lile kuna uhaba, kuna kazi, kuna wagonjwa wanaongoja, nenda ukalitazame kabla hujaamua." Mshahara wa mshauri mmoja kwa mwaka si mkubwa mbele ya gharama ya mkataba kama ule. Mkataba wenyewe serikali iliuacha mwaka 2023, na uhaba ukabaki.

Nimewaandikia nyinyi mlio shuleni, ijapokuwa wenye mamlaka ya kuajiri si nyinyi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba baadhi yenu mtaingia katika vyuo hivyo. Mtaala wa umilisi umekwisha kumtaka mwanafunzi achague mkondo mmoja kati ya mitatu hata kabla ya kuanza sekondari ya juu, na wengi wa wale watakaochagua sayansi watakuwa na neno "daktari" midomoni. Mtakapofika huko, ulizeni siku ya kwanza ofisi ya mshauri wa kazi iko wapi. Mkionyeshwa mlango wa karani wa karo, ulizeni tena, nanyi muwe wengi. Chama cha wanafunzi kinachoweza kugombania chakula cha mchana chaweza kugombania na hili.

Sababu ya pili ni kwamba miongoni mwenu yumo mtu wa kuifanya kazi hii. Pengine ni yule ambaye wenzake humwendea wakiwa na shida, naye husikiliza bila kuwakatiza. Anahitaji kusoma elimu ya nafsi na ushauri, na kusajiliwa, kwa kuwa tangu mwaka 2014 tuna sheria inayosimamia washauri na wanasaikolojia. Anahitaji pia kukaa wodini miezi kadhaa akitazama, maana hawezi kusimulia kazi asiyoijua harufu yake. Hatapewa koti jeupe, wala hakuna mwandishi wa gazeti atakayekimbilia nyumbani kwao. Chumba chake hakina haja ya kuwa kikubwa: meza, viti viwili, daftari lile la njia, na mlango unaofungika vizuri, ulio mbali na ofisi ya mitihani.